Kustaafisha seva: hesabu ya diski kuanzia rakini hadi mashine ya kusaga

Anayeuza seva kuukuu hudhani anauza bati, feni na madabodi. Asipoangalia, anauza pamoja nayo mishahara ya wafanyakazi, mikataba ya wateja na manenosiri ya mtandao mzima. Na data inayovuja kwa njia hii mara nyingi haitoki kwenye diski iliyofutwa vibaya. Hutoka kwenye diski ambayo hakuna aliyeihesabu: spea iliyosahaulika kwenye droo, kadi ya SD iliyochomekwa katikati ya madabodi, diski mbovu iliyong'olewa miaka miwili iliyopita ikawekwa kando "mpaka tupate nafasi".

Benki ya Morgan Stanley ya Marekani ililipia somo hili. Mwaka 2016 ilipofunga vituo viwili vya data, kazi ilipewa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyokuwa na uzoefu wa kuharibu data, na baadhi ya vifaa vikaishia kwenye mnada wa mtandaoni vikiwa bado na taarifa za wateja. Mdhibiti wa mabenki aliitoza faini ya dola milioni 60 mwaka 2020, kisha tume ya masoko ya mitaji ya nchi hiyo ikaitoza dola milioni 35 mwaka 2022. Tume hiyo ilieleza pia kwamba katika zoezi jingine la kubadilisha vifaa vya ofisi, seva 42 hazikujulikana zilipo. Vifaa hivyo vilikuwa na uwezo wa kusimba data (kuifanya isisomeke bila ufunguo), ila kwa miaka mingi hakuna aliyeuwasha.

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha kazi hii ni orodha. Programu ya kufutia inakuja baadaye.

Orodha kabla ya bisibisi

Anza seva ikiwa bado inafanya kazi. Kwenye Linux, amri hii inatoa jina, modeli, namba ya seriali, ukubwa na aina ya muunganisho wa kila diski:

`lsblk -d -o NAME,MODEL,SERIAL,SIZE,TRAN`

Kikwazo ni kontrola ya RAID, yaani kadi inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Diski 8 zilizounganishwa kuwa RAID 6 huonekana na mfumo endeshi kama diski moja kubwa, na utambulisho unaouona hapo ni wa kontrola, si wa diski halisi. Iulize kontrola yenyewe: `storcli /c0/eall/sall show all` kwa familia ya MegaRAID, au `smartctl -i -d megaraid,0 /dev/sda`, ukibadilisha ile 0 kuwa 1, 2, 3 na kuendelea. Hapo ndipo diski ya akiba, ile inayosubiri mwenzake afe, nayo itajitokeza.

Seva ikishazimwa (baada ya kipindi cha kimya kinachoelezwa hapa chini), fungua kifuniko uhesabu kwa macho. Nafasi za mbele kila mtu huziona. Zinazopitwa ni nafasi mbili za nyuma zilizo kando ya pawasaplai kwenye seva nyingi za 2U (zenye kimo cha nafasi mbili za raki), SSD (diski za chipu, zisizozunguka) za M.2 zilizolala juu ya kadi ya PCIe, kadi za SD au microSD zinazobeba haipavaiza (programu inayoendesha seva pepe), tundu la USB lililo ndani kabisa ya boksi, na vile vijiti vidogo vya SATA DOM vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye madabodi. Kadi ya microSD ina milimita 11 kwa 15. Ikidondoka chini ya raki hakuna atakayeisikia. Angalia pia matundu ya RAM, kwa sababu moduli za NVDIMM hutunza data hata umeme ukikatika.

Hesabu ya kontrola na hesabu ya macho lazima zilingane. Zisipolingana, amini macho, kisha tafuta sababu kabla ya kuendelea.

Kila diski ipate mstari wake kwenye lahajedwali: seriali, modeli, ukubwa, seva iliyotoka, namba ya nafasi, njia ya kufutia, saa ya kuanza na kumaliza, matokeo, jina la aliyefuta, jina la aliyehakiki, na mahali ilipoishia. Usiandike seriali kwa mkono. Tumia kisoma msimbopau au nakili kutoka kwenye amri, maana 8 na B, 0 na O, kwenye lebo iliyochakaa kwa joto, hufanana kama mapacha. Safu ya mwisho ya jedwali itabaki tupu mpaka siku ya mwisho, na ndiyo itakayokuambia kazi imekwisha au la.

Halafu pita kwenye droo na makabati. Diski mbovu zilizobadilishwa zamani nazo zinaingia kwenye orodha. Ukikuta kumbukumbu za matengenezo zinasema diski ilirudishwa kwa mtengenezaji chini ya dhamana, tambua kwamba iliondoka na data, kwa sababu diski iliyokataa kuandikwa huwa haijafutwa. Mikataba mingi ya matengenezo ina kipengele cha kulipia ili ubaki na diski mbovu. Ni pesa inayostahili kulipwa, na ni bora iandikwe kwenye mkataba wa seva mpya siku hiyo hiyo unayostaafisha ya zamani. Kama seva ni ya kukodi, soma mkataba uone kama diski unaruhusiwa kubaki nazo.

Kata mtandao kwanza, umeme baadaye

Hakuna ajuaye huduma zote zinazoitegemea seva ya miaka saba, hata aliyeisimika. Nyaraka zitakuambia ni seva ya mafaili. Zitasahau ile skripti ya usiku inayotuma ripoti kwa idara ya fedha kila tarehe 28. Ndiyo maana kabla ya kuizima unafunga tundu lake kwenye swichi na kusikiliza nani atapiga kelele.

Usiizime umeme katika hatua hii. Diski za sumaku zilizozunguka miaka mingi bila kusimama huweza kugoma kuamka zikishapoa, na mtu akilalamika siku ya tisa unataka kuirudisha seva kwa kufungua tundu la swichi, si kwa kuomba dua mbele ya taa nyekundu. Acha kimya hicho kidumu walau siku 30 ili mwisho wa mwezi upite. Kwa seva ya uhasibu, subiri robo ya mwaka ifungwe.

Wakati huo, maliza suala la nakala rudufu. Kwanza uliza sheria na mikataba inataka nini: kumbukumbu za kodi, ajira na matibabu zina miaka yake ya kutunzwa, na kufuta mapema ni kosa kama kuvujisha. Chukua nakala, kisha irudishe kwenye mashine nyingine na uifungue. Nakala isiyowahi kurudishwa ni matumaini tu. Hakikisha ufunguo wa kuisimbua haumo kwenye seva ileile unayoiua (hutokea kuliko inavyodhaniwa), na kwamba programu ya kusoma hifadhidata hiyo bado unayo pamoja na leseni yake.

Kisha ondoa seva kwenye kila mahali inapojulikana: DNS, DHCP, mfumo wa ufuatiliaji, ratiba za nakala rudufu, akaunti zake za huduma, funguo zake za SSH kwenye mashine nyingine, vyeti vyake, na sheria za ukuta wa moto. Hizo za mwisho ndizo huachwa. Sheria inayoruhusu anwani 10.20.4.15 kufika kwenye hifadhidata haifi pamoja na seva. Baada ya miezi sita anwani hiyo inapewa kompyuta nyingine, nayo inarithi mlango ulio wazi bila mtu yeyote kuuomba. Kama ni kidhibiti cha kikoa cha Windows (seva inayosimamia akaunti za mtandao mzima), tazama kwa `netdom query fsmo` ina majukumu gani, yahamishe, kisha ishushe cheo kwa utaratibu. Kuing'oa tu kutaacha kivuli chake ndani ya Active Directory.

Kufuta

Mwongozo unaotumika zaidi duniani ni NIST SP 800-88 wa Marekani, uliotoka 2006, ukapitiwa upya Desemba 2014 na tena Septemba 2025. Unagawa kazi katika ngazi tatu: kufuta kiasi cha kumzuia mtu mwenye programu za kawaida, kusafisha kiasi cha kumshinda hata mwenye maabara, na kuharibu kifaa chenyewe. Kiwango cha IEEE 2883 cha mwaka 2022 kinaeleza mbinu kwa kila aina ya diski. Seva ya biashara inayotoka nje ya mikono yako inastahili ngazi ya pili au ya tatu.

Kufuta mafaili, kufomati kwa haraka na kuvunja RAID haviingii katika ngazi yoyote. Kufomati hubadilisha faharasa, maandishi yanabaki palepale. Kuvunja RAID ni kufuta maelezo ya mpangilio tu. Na wazo kwamba diski moja kutoka RAID 5 haisomeki ni la kujifariji: mpangilio hukata data vipande vya kilobaiti 64, 128 au 256, na barua nzima ya mteja, au orodha ya manenosiri, inaenea ndani ya kipande kimoja bila kubanwa.

Kabla ya kugusa kibodi, chomoa nyaya za mtandao na nyaya zote za Fibre Channel, zile zinazoelekea kwenye hifadhi ya pamoja. Seva iliyounganishwa na hifadhi ya pamoja inaiona ile hifadhi kama diski yake, na programu ya kufuta "diski zote" itatii. Makosa mengine katika kazi hii yana dawa; hili halina.

Badilisha kontrola iingie hali ya HBA, yaani kila diski ionekane yenyewe. Isipoweza, hamishia diski kwenye mashine yenye HBA. Ujanja wa kuifanya kila diski RAID 0 ya peke yake hautoshi, kwa kuwa eneo ambalo kontrola huandika mpangilio wake haliguswi, na amri za kufuta za diski yenyewe haziifikii. Kisha washa seva kwa Linux kutoka kwenye USB.

Kwa diski za sumaku, kuandika juu mara moja kwa sifuri kunatosha kwa ngazi ya kwanza. Ile desturi ya kuandika mara 35 ilitokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, iliyozungumzia teknolojia ya diski za wakati ule. Piga hesabu: diski ya TB 4 inayoandikwa kwa wastani wa MB 150 kwa sekunde huchukua saa 7 na nusu hivi. Mara 35 ni karibu siku 11 za umeme na kelele za feni bila faida yoyote. `nwipe` inafuta diski nyingi kwa pamoja na kutoa ripoti; tumia `--method=zero --verify=all`, na kaa mbali na `--autonuke`, ambayo huanza bila kuuliza.

Kuandika juu hakufikii sekta ambazo diski ilizihamisha baada ya kuharibika, wala eneo lililofichwa. Kwa SATA, angalia la pili kwa `hdparm -N /dev/sdb`: namba mbili zinazotenganishwa na mkwaju zikitofautiana, sehemu ya diski imefichwa. Njia kamili zaidi ni amri ya kufuta iliyo ndani ya diski yenyewe. Soma hali yake kwanza kwa `hdparm -I /dev/sdb`, ushuke hadi mwishoni:

```
Security:
	Master password revision code = 65534
		supported
	not	enabled
	not	locked
	not	frozen
	not	expired: security count
		supported: enhanced erase
```

Mstari wa kutazama ni ule wa `frozen`. Ukiwa na `not` mbele yake, endelea. Neno `frozen` likisimama peke yake, BIOS imeifunga diski wakati wa kuwaka na amri itakataliwa. Kwenye laptopu dawa yake ni kuilaza na kuiamsha, ila seva nyingi hazina usingizi huo. Vuta diski ya SATA kwenye nafasi yake seva ikiwa inawaka, subiri sekunde kumi kama ni ya sumaku ili iache kuzunguka, rudisha. Inapoamka bila BIOS kupita, huwa haijafungwa. Kisha:

```
hdparm --user-master u --security-set-pass futa /dev/sdb
hdparm --user-master u --security-erase-enhanced futa /dev/sdb
```

Weka neno fupi unalolikumbuka, na lilelile kwa diski zote. Umeme ukikatika katikati, diski hujifunga kwa neno hilo, na asiyelijua anabaki na kipande cha chuma. Ukilijua, unarudia amri ya pili. Usifanye kazi hii kupitia adapta ya USB: nyingine hukata amri katikati na kuiacha diski imefungwa. Kama diski haina `enhanced erase`, tumia `--security-erase`.

SSD ni suala jingine kabisa. SSD iliyoandikwa GB 480 hubeba ndani yake chipu za GB 512 au zaidi, na kontrola yake huhamisha maandishi huku na huko ili chipu zichakae kwa usawa. Unapoandika sifuri "juu" ya faili, sifuri huenda kwenye bloku mpya, na faili la zamani linabaki kwenye bloku ambayo huwezi kuiita kwa anwani yoyote. Kwa hiyo `shred` na wenzake hawafai. SSD za SATA zifutwe kwa `hdparm` kama hapo juu. SSD za NVMe, zinazounganishwa moja kwa moja na PCIe, zina amri yao:

```
nvme sanitize /dev/nvme0 -a 2
nvme sanitize-log /dev/nvme0
```

Namba 2 hufuta bloku zote za chipu; namba 4 huua ufunguo wa usimbaji uliomo ndani. Ukirudia ile amri ya pili utaona SPROG ikipanda kuelekea 65535 na SSTAT ikiishia kwenye 0x101, yaani imemaliza salama. Amri hii haisimamishwi. Hata ukichomoa umeme, diski itaendelea pale ilipoachia ikishawashwa, na itafuta sehemu zake zote, si ile moja uliyokuwa unaitazama. Diski isiyoiunga mkono ipewe `nvme format /dev/nvme0n1 -s 1`.

Diski za SAS (muunganisho mwingine wa diski za seva) hutumia `sg_sanitize --block /dev/sg3` kwa SSD, au `--overwrite --zero` kwa za sumaku. Inakupa sekunde 15 za kughairi. Zitumie kusoma seriali mara ya mwisho. Diski zilizotoka kwenye makabati ya hifadhi mara nyingi zina sekta za baiti 520 badala ya 512, na Linux huzionyesha zikiwa na ukubwa wa 0. Si mbovu. `sg_format --format --size=512 /dev/sg3` huzirudisha kwenye hali ya kawaida, baada ya hapo unazifuta. Huchukua saa kadhaa, na umeme ukikatika itabidi uanze upya.

Vipi kuhusu kuua ufunguo peke yake? Ni kwa sekunde, na ni halali, mradi usimbaji uliwashwa kabla data ya kwanza haijaandikwa na hakuna nakala ya ufunguo mahali pengine. Kwa LUKS, usimbaji wa diski wa Linux, ni `cryptsetup luksErase`, lakini mtu aliyehifadhi nakala ya kichwa cha LUKS kwenye folda ya pamoja bado anaweza kuifungua. Kwa diski zinazojisimba zenyewe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha mwaka 2018 kwamba SSD kadhaa maarufu zilitekeleza usimbaji huo kwa kasoro kubwa. Ushauri wetu ni kuua ufunguo kisha kufuta bloku. Dakika chache za ziada si gharama.

Kuhakiki

Aliyefuta asihakiki kazi yake mwenyewe. Si kwa kutomwamini. Ni kwamba macho yaliyotazama diski 40 tangu asubuhi huona kile yanachotarajia.

Diski ya sumaku iliyoandikwa sifuri isomwe yote kwa `hexdump -C /dev/sdb`. Diski safi ya TB 4 hutoa mistari mitatu tu baada ya saa nyingi za kusoma: mstari mmoja wa sifuri, nyota, na anwani ya mwisho, 3a3817d6000. Mstari wowote wa ziada kati ya nyota na anwani ni data iliyobaki.

SSD iliyouliwa ufunguo haitoi sifuri bali vurugu za herufi, na mhakiki hawezi kujua kama vurugu hizo ni salama. Panda alama kabla ya kufuta, nakala rudufu zikiwa zimethibitishwa, kwa sababu hatua hii yenyewe inaharibu mwanzo wa diski:

```
yes ALAMA-0417 | dd of=/dev/nvme0n1 bs=1M count=100 iflag=fullblock oflag=direct
dd if=/dev/nvme0n1 bs=1M count=100 iflag=direct | grep -a -c ALAMA-0417
```

Kabla ya kufuta, amri ya pili itahesabu zaidi ya mistari milioni 9. Baada ya kufuta lazima itoe 0. Zile `direct` zina kazi yake: bila hizo unaweza kusoma kumbukumbu ya RAM badala ya diski yenyewe. Rudia katikati na karibu na mwisho wa diski kwa kuongeza `seek=` unapoandika na `skip=` unaposoma. Jaribio hili haliwezi kuona bloku zilizofichwa, hivyo hifadhi pia matokeo ya `sanitize-log`.

Diski iliyogoma hatua yoyote, iliyotoa hitilafu moja ya kusoma au kuandika, isijadiliwe. Iende kwenye kundi la kuharibiwa.

Vitu vinavyobeba siri bila kuwa diski

Kompyuta ndogo ya usimamizi iliyo ndani ya seva, iitwayo iDRAC kwa Dell na iLO kwa HPE, ina akaunti, anwani, kumbukumbu za matukio na pengine nenosiri la kuingilia kwenye saraka ya kampuni. Itifaki ya usimamizi huo, IPMI 2.0, inailazimu kutunza manenosiri katika namna inayoweza kurejeshwa kuwa maandishi wazi. Kama seva zako zote zina nenosiri moja la usimamizi, atakayenunua hii moja amenunua zote. Irudishe kwenye hali ya kiwandani (`racadm racresetcfg` kwa iDRAC, HPE za kizazi cha 10 zina kitufe kimoja cha kufuta kila kitu), kisha badilisha nenosiri hilo kwenye seva zilizobaki hata hivyo.

Futa TPM (chipu inayotunza funguo za usimbaji) na mipangilio ya BIOS, na uondoe nenosiri la BIOS, maana seva iliyofungwa hainunuliki. Kontrola ya RAID yenye betri au moduli ya fleshi inaweza kuwa imeshikilia maandishi ambayo hayakuwahi kufika kwenye diski. Safisha akiba yake kabla ya kuihamishia hali ya HBA. RAM ya kawaida husahau muda mfupi baada ya umeme kukatika, haihitaji chochote. Mwisho bandua stika zote zenye jina la kampuni, jina la seva na anwani za IP. Ile lebo ya karatasi iliyogundishwa mbele na kuandikwa "FEDHA-DB-01" humweleza mnunuzi mahali pa kuanzia kutafuta.

Kuharibu

Tundu moja la drili huondoa sehemu ndogo sana ya sahani. Kilichobaki kinaweza kusomeka maabara, na diski nyingi za inchi 2.5 zina sahani za kioo zinazopasuka na kurusha vipande machoni. Ukilazimika kufanya mwenyewe, vaa miwani ya kinga na glavu, fungua kifuniko kwa bisibisi ya Torx T8 au T6 (skrubu moja au mbili hufichwa chini ya lebo), toa sahani zote na uzivunje au uzikwaruze pande zote mbili. Usichome moto: moshi wa ubao wa saketi ni sumu.

Mashine ya kuondoa usumaku huua diski za sumaku kabisa, hata haziwezi kutumika tena, mradi nguvu yake inalingana na diski za kisasa. Kwa SSD haifanyi lolote, kwa kuwa fleshi haitumii sumaku. Hili huzitokea kampuni zinazopitisha kila kitu kwenye mashine moja na kupata cheti.

Mashine ya kusaga ndiyo njia iliyo wazi zaidi, ila uliza ukubwa wa vipande. Chipu ya fleshi huwa kama milimita 12 kwa 18. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya diski za sumaku, inayotoa vipande vya milimita 40, inaweza kuipitisha chipu nzima bila mkwaruzo. Shirika la usalama la Marekani, NSA, linataka vipande vya SSD visizidi milimita 2. Tepu za nakala rudufu za seva hiyo zipite humo humo.

Kutoka mlangoni

Seva ya 2U iliyojaa huwa na kilo 25 hadi 35. Ibebwe na watu wawili. Chomoa nyaya zote mbili za umeme, kwani pawasaplai ni mbili. Kama inauzwa au kutolewa, iache na reli zake na trei za diski, maana bila trei mnunuzi anapata boksi lenye matundu. Betri ya lithiamu ya kontrola na ile ya sarafu ya CR2032 zitolewe, ncha zake zifunikwe kwa utepe, ziende peke yake. Betri iliyopondwa ndani ya rundo la taka huwaka.

Mchakataji wa taka za kielektroniki awe na cheti cha R2 au e-Stewards, na kwa kuharibu data, NAID AAA. Muulize vifaa vinaishia nchi gani. Tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka za kielektroniki za aina zote, hatari na zisizo hatari, zinahitaji idhini ya nchi inayopokea kabla hazijavuka mpaka.

Diski zisafiri kwenye sanduku lenye lakiri yenye namba, zihesabiwe zinapotoka na zinapofika, na mtu wako ashuhudie zikisagwa ikiwezekana. Cheti kinachosema "diski 64 zimeharibiwa" kikatae. Unataka seriali 64.

Kikifika, kiweke kando ya lahajedwali na ulinganishe mstari kwa mstari. Seriali inayokosekana mara nyingi ni kosa la kusoma lebo, basi tafuta inayofanana nayo kwa herufi moja. Ikikosekana kabisa, angalia diski hiyo ilifikia hatua gani. Iliyofutwa na kuhakikiwa ni upungufu wa mali. Isiyofutwa ni upotevu wa data: mjulishe anayesimamia ulinzi wa data siku hiyo hiyo, kwa sababu sheria kama GDPR ya Umoja wa Ulaya humpa saa 72 za kutoa taarifa kwa mamlaka, na zinaanza kuhesabiwa pale mlipotambua.